Saa nane ya nani?

Ndugu Mhariri,

Dada yangu mkubwa anakaa Pangani, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho. Mwezi uliopita alitumiwa ujumbe wa simu na hospitali aliyoandikishwa kwa ajili ya upasuaji. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili na ulikuwa mfupi: afike Jumanne saa 8:00, na asile kitu tangu usiku. Kwa kuwa haoni vizuri, alisomewa na mtoto wa jirani. Akamuuliza mara mbili, "Umesema saa ngapi, mjukuu wangu?" Mtoto akamjibu mara mbili, "Saa nane, bibi."

Kwa dada yangu, saa nane ni wakati watu wameshasali adhuhuri na wameshakula, jua limeanza kuelemea magharibi. Akapanda basi la asubuhi bila pupa, akafika kwenye meza yangu hapa Tanga saa tano na nusu, tumbo tupu, na kikapu chenye kanga mbili na chupa ya uji wa mchele atakaokunywa akishamaliza. Tukachukua bajaji. Saa saba na nusu tulikuwa dirishani. Muuguzi akatazama karatasi zake, akatazama orodha, akasema kwa upole, "Bibi, wewe ulikuwa wa saa mbili asubuhi. Daktari wa macho ameshamaliza watu wake wa leo." Nikamwonyesha ujumbe. Akausoma, akanirudishia simu. "Mzee wangu, hiyo ni saa nane ya kwenye simu."

Simlaumu yule binti. Alimtafutia dada mahali pa kukaa, akamwambia ale, akamwandikia tarehe nyingine, wiki tatu mbele. Dada akanywa uji wake pale pale kwenye benchi, kimya, akafunga chupa, akaifuta kwa ncha ya kanga. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo aliponiuliza: "Hebu niambie wewe uliye fundi. Hiyo saa nane ya kwenye simu ni saa nane ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lake siku nyingi, na ndilo linalonifanya nikuandikie.

Mimi ni fundi saa. Meza yangu iko barazani mwa duka la vitambaa, Ngamiani, tangu mwaka 1983: sanduku la kioo, taa, kibano, bisibisi nyembamba kama sindano, na kile kioo cha kukuzia ninachokibana jichoni. Siku hizi kazi kubwa ni kubadili betri na mikanda. Saa za kutia ufunguo zinakuja moja moja, nyingi ni za marehemu, zinaletwa na watoto wao wanaotaka kuzisikia zikitembea tena. Kati ya mteja na mteja ninasoma. Nasoma kila kinachonifikia: gazeti lako, vitabu vya kupangwa chini, hata karatasi iliyofungia karanga. Kwa hiyo jambo hili la saa nalitazama kutoka upande wa mashine na kutoka upande wa maandishi, na pande zote mbili naona linatuponyoka.

Sisi tunahesabu saa kutoka kwenye jua. Likichomoza mchana umeanza, na saa ya kwanza ikitimia tunasema ni saa moja. Likizama tunaanza upya, na saa ya kwanza ya giza nayo ni saa moja. Hesabu hii ni ya mahali petu, karibu na ikweta. Hapa Tanga macheo hayapishani hata kwa saa nzima, mwaka mzima. Mtu aliyezaliwa hapa anaweza kutazama kivuli cha mnazi akakutajia saa, na asikosee kiasi cha kukuchelewesha. Kigoma jua linachomoza kama dakika 40 baada ya sisi wa pwani, maana nchi nzima tuna majira mamoja, na bado saa moja asubuhi ya Kigoma ni asubuhi kweli, watu wanafungua milango. Wahabeshi nao wanahesabu hivi hivi.

Sasa kuna kitu nawaomba wasomaji wako wakijaribu leo. Chukua saa ya ukutani, ya mishale. Itazame saa mbili kamili asubuhi. Mshale mfupi utakuwa kwenye 8. Halafu utazame ule mkia mdogo wa mshale huo huo, unaochomoza upande wa pili wa ekseli ya katikati. Mkia unaelekea kwenye 2. Saa tatu mshale uko kwenye 9, mkia uko kwenye 3. Saa kumi mshale uko kwenye 4, mkia uko kwenye 10. Ziko hivyo zote kumi na mbili, haiachwi hata moja, kwa sababu tofauti ya hesabu yetu na ya Kizungu ni sita, na sita ni nusu ya duara. Kwa hiyo kila saa ya mishale unayoiona imebeba saa mbili kwa pamoja: mbele saa ya Kizungu, nyuma saa ya Kiswahili.

Watu wanadhani Mswahili akisoma saa anatoa sita kichwani. Mama yangu hakukaa darasani hata siku moja na hesabu ya kutoa hakuijua, lakini saa ya ukutani aliisoma kwa mtupo mmoja wa jicho, ng'ambo ya mshale. Wazee wa pwani waliuita mshale wa saa akrabu, neno la Kiarabu ambalo maana yake ni nge. Na nge, kila mtoto anajua, shughuli yake yote iko mkiani.

Nilipoanza kazi walikuwapo wazee waliokuja na saa mpya wakisema, "Niwekee Kiswahili." Nikiwawekea hivyo hivyo: jua likizama, mishale yote miwili iko juu, kwenye kumi na mbili. Mmoja alikuwa nahodha wa jahazi. Aliniambia hawezi kuvaa mkononi kitu kinachomwambia saa sita wakati jua ndiyo kwanza linatoka baharini. Saa yake niliitengeneza mara tatu, na kila mara nilipoifungua nilikuta mafuta ya mashine yamechanganyika na chumvi. Alipofariki mwanawe aliileta, akaniomba niirudishe kwenye "saa ya kawaida". Nikairudisha. Siku ile sikulifikiria sana neno hilo, kawaida.

Kisha ikaja simu. Simu inaandika 8:00, basi. Tarakimu hazina mkia. Hazina ng'ambo ambako jicho linaweza kwenda. Mjukuu wangu wa darasa la tatu, ninayeishi naye, saa ya kwanza maishani mwake ni ya simu ya mama yake. Asubuhi moja alikuja barazani akaniambia shule wamewaruhusu mapema, saa tisa. Nikatazama nje: kivuli cha mwembe bado kirefu, muuza vitumbua hajamaliza beseni lake. "Saa tisa, na hujala chakula cha mchana?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha nyingine.

Sikumkaripia. Niliteremsha saa ya ukutani, nikatoa kioo, na ule mkia wa mshale mfupi nikaupaka rangi nyekundu ya kucha, ya mama yake. Nikamwambia: chochote ulichokiona kwenye simu, hapa kitakuwa mbele, Kiswahili kiko kwenye nyekundu. Siku ya kwanza alikuja kuuliza mara kumi. Siku ya pili mara mbili. Siku ya tatu nilimsikia mlangoni akimwambia mwenzake, "Sasa hivi saa kumi na robo, tuna muda," bila kutazama popote.

Ukitazama matangazo ya saa za mkononi, Mhariri, utaona karibu zote zimesimamishwa saa nne na dakika kumi, mishale imefunguka kama mikono ya mtu anayeomba dua, ili jina la kampuni lililo juu lionekane vizuri. Miaka mingi nimezitazama picha hizo nikijiuliza: saa nne na dakika kumi ya lini? Asubuhi, watu wako kwenye chai? Au usiku, watu wanatandika? Uso wa saa hausemi. Lugha yetu ndiyo inayosema. Kiswahili hakipendi saa itembee peke yake. Kinaipa mwenzake, saa nne asubuhi, saa nne usiku, saa kumi alfajiri, saa kumi jioni, na ule usiku wa manane. Mwenzake huyo ndiye aliyekosekana kwenye ujumbe wa dada yangu. Angewekwa, hata tarakimu ikikosewa mtu angeshtuka na kuuliza.

Nije kwenye vitabu, maana huko ndiko nilikoanza kuona tatizo kabla ya simu.

Miaka miwili iliyopita nilinunua kitabu cha upelelezi kwa muuza vitabu wa chini karibu na stendi, kimetafsiriwa kutoka Kiingereza. Sitakitaja jina, maana mtafsiri wake ana Kiswahili kizuri na sipendi kumuumiza. Ukurasa wa 11 mpelelezi anaamka "saa saba asubuhi", ndege wanaimba. Neno saba limekatwa kwa penseli, na pembeni mtu aliyekuwa na kitabu hicho kabla yangu ameandika, kwa mwandiko wa kuunganisha wa watu waliosoma zamani, "moja". Ukurasa wa 23 mwenye nyumba anawapelekea wageni chai ya jioni "saa nne". Penseli: "kumi". Ukurasa wa 38 panatajwa mauaji ya "saa mbili usiku", na hapo penseli imesita. Imeandika "nane?" na alama ya kuuliza imekolezwa mpaka karatasi imebonyea.

Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu, kwa sababu kisa kizima kinaning'inia hapo. Mshukiwa alikuwa kwenye chakula cha usiku mbele ya watu ishirini. Kama aliyeuawa aliuawa saa mbili usiku, mshukiwa yumo mezani, ana kijiko mkononi, hana hatia. Kama ni saa nane usiku, nyumba nzima imelala na hana wa kumshuhudia. Mtafsiri alibeba namba kutoka lugha moja akaitua kwenye nyingine bila kuigeuza, na kwa kufanya hivyo alimwachia huru muuaji.

Baada ya ukurasa wa 61 penseli haionekani tena. Nami nimeendelea alipoishia, saa baada ya saa, mpaka jalada la nyuma. Kitabu kiko hapa mezani, anayetaka kukiazima aje.

Mjukuu wangu mkubwa, aliye chuoni, alinionyesha kwamba siku hizi hata mtafsiri hatafutwi. Simu ina programu yake. Nikamwomba aiandikie kwa Kiingereza kwamba mgonjwa afike saa mbili asubuhi, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni 8. Ikatoa Kiswahili safi, viambishi vyote mahali pake, na mwisho: "saa 8 asubuhi". Hakuna saa 8 asubuhi. Haijawahi kuwapo tangu Kiswahili kianze kusemwa. Nadhani ujumbe wa dada yangu ulitokea huko, na huyo aliyeutuma aliona sentensi imenyooka akaipeleka.

Nilikuwa bado na kitabu kile cha penseli mkononi siku alipokuja mchungaji mmoja mstaafu kubadilisha betri. Nikamwonyesha. Akacheka kwa huruma, akatoa Biblia kwenye mkoba wake, akanisomea akiwa amesimama. Mimi ni Mwislamu, na mfano huo sikuwa nimeusikia. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anatoka tena saa tatu, anakuta wengine wamesimama sokoni bila kazi, anawachukua. Anatoka saa sita na saa tisa, anafanya vile vile. Mwisho anatoka saa kumi na moja, anawakuta wengine bado wamesimama, nao anawapeleka shambani. Jioni ikafika, akawalipa wote sawasawa, na wale wa alfajiri wakanung'unika kwamba hawa wa mwisho wamefanya kazi saa moja tu.

Mchungaji akaweka kidole kwenye mstari. "Hesabu mwenyewe," akaniambia. Nikahesabu. Saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili, jua linazama: saa moja kamili. Mfano umesimama wima, hauhitaji maelezo. Akanieleza kwamba Mwingereza akisoma mahali hapo inabidi afafanuliwe, kwa sababu saa kumi na moja yake haiko jioni, ama iko karibu na adhuhuri ama iko katikati ya giza. Watu wa nchi ile, zama zile, walihesabu mchana kutoka macheo kama sisi. Basi waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walizikuta saa zimeshakuwa za Kiswahili, wakaziacha zilivyo.

Akaendelea, mikanda ya wateja wengine ikanisubiri. Watu wa Yerusalemu wakidhani mitume wamelewa, Petro anawajibu kwamba hii ni saa tatu tu. Nani wa Ngamiani asiyemwelewa? Saa tatu asubuhi ni saa ya chai na mahamri. Halafu giza la siku ya kusulubiwa, kuanzia saa sita mpaka saa tisa. Saa sita, jua la utosi, wakati mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe, na wakati huo ndio nchi inaingia giza. Nilihisi baridi mgongoni. Nikafikiri: kitabu cha karibu miaka 2,000 kimeingia katika lugha yetu na saa zake zote bila kuguswa, na hadithi ya juzi imeshindwa kuingia na saa ya chai.

Gazeti lako, Mhariri, lina jambo moja ambalo nalipenda na sijui kama mnaliona wenyewe. Mkitoa habari ya ajali au msiba mnaandika "usiku wa kuamkia jana", "usiku wa kuamkia Jumapili". Hiyo ni hesabu ya wahenga, usiku unatangulia na mchana wake unaufuata. Bibi yangu alisema "usiku wa Ijumaa" akimaanisha usiku ule baada ya Alhamisi kuchwa, kwa kuwa kwake Ijumaa iliingia kwa adhana ya magharibi. Wiki yetu nayo imebeba athari za hesabu mbili, ina tano mbili zinazofuatana: Jumatano, yetu, tukianzia Jumamosi, na Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni siku ya tano. Mtoto akiuliza kwa nini, ana haki ya kujibiwa, na jibu ni zuri.

Lakini kwenye saa mmelegea. Nimekata vipande vya gazeti lako kwa wiki mbili na viko kwenye bahasha. Ukurasa wa michezo mnaandika mechi itaanza "saa 10:00 jioni", sawa kabisa. Tangazo la mnada "saa 4:00 asubuhi", sawa. Kurasa mbili mbele, semina ya wajasiriamali inaanza "8:00 asubuhi". Ratiba ya televisheni yote ni 19:30, 20:00, 21:15. Na tangazo moja la ajira linataka barua zifike "kabla ya saa 5:00" ya tarehe fulani, hakuna asubuhi, hakuna jioni. Kijana wa Korogwe aliyesafiri na vyeti vyake ndani ya plastiki afike saa ngapi? Akifika saa kumi jioni amewahi au amechelewa? Hesabu zote nne nimezikuta ndani ya gazeti moja, na msomaji anaachiwa akisie ni ipi.

Kuna usemi unaoniudhi, na nausikia hata kwa watu waliosoma: mtu akichelewa anasema yuko kwenye "saa za Kiafrika". Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 40 na sijaona saa ya Kiafrika inayochelewa. Kabla ya simu nilikuwa naweka saa za wateja kwa redio. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilipokaribia, nilikuwa na saa nne tano zimepangwa mbele yangu, vitufe vimevutwa, na mtangazaji aliposema ni saa mbili kamili nilivibonyeza kimoja baada ya kingine, tik, tik, tik. London yenyewe, yaani BBC, iliyoanza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1957, ilikuwa ikitutajia saa kwa hesabu yetu, kwa saa za Afrika Mashariki. Wale hawakuona aibu kuitumia. Iweje sisi tuifanye jina la uzembe?

Nakiri hesabu hii ina nchi yake. Binti wa kaka yangu yuko Stockholm, na mwezi wa Desemba ananiambia kwenye simu, "Baba mdogo, huku saa mbili asubuhi na bado giza totoro, na kabla ya saa tisa alasiri jua limeshazama." Jua la kule halishiki saa yoyote. Hata hivyo akizungumza nami anataja saa kwa Kiswahili, na watoto wake, waliozaliwa kule, amewafundisha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua. Akasema anapotamka saa kumi na mbili jioni anaiona magharibi ya Tanga, watu wanatoka forodhani. Kama yeye anaishika penye theluji, sisi tunaiachia kwa sababu gani?

Ombi langu ni hili. Wewe na wahariri wenzako mkae mkubaliane kuandika saa kwa hesabu ya Kiswahili peke yake, na kila saa ipewe mwenzake: asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Saa ambayo kukosea kwake kunamgharimu mtu, iandikwe kwa maneno. "Saa mbili asubuhi" inazidi tarakimu kwa nafasi ndogo tu. Tangazo likija na "8:00" tupu, mwenye tangazo apigiwe aulizwe kabla halijachapwa. Ninyi mkifanya hivyo, mahospitali, shule na kampuni za mabasi zitakuwa na mahali pa kuigia, maana watu bado wanaandika wanavyoona magazetini. Na vijana wanaotengeneza programu za simu, ambao najua wapo hapa nchini na wana akili nyingi, watuwekee saa inayosema Kiswahili. Kama hawajui waanzie wapi, waje waone meza yangu. Nitawapa kiti na nitawafungulia saa moja waone ule mkia.

Miadi mipya ya dada ni Jumanne ijayo. Ujumbe umekuja tena na umeandikwa vile vile, saa 8:00. Safari hii nilikwenda hospitali mwenyewe, na yule muuguzi alinikumbuka. Akachukua kadi ya dada, akaandika kwa kalamu yake, herufi kubwa: SAA MBILI ASUBUHI. Akaichorea mstari chini. Dada atakuja Jumatatu alale kwangu. Mjukuu wangu ndiye atakayemwamsha saa kumi na moja alfajiri. Ameiomba ile saa ya ukutani iwekwe chumbani kwake, na mama yake ameshaupaka mkia rangi upya.

Wako,
Fundi saa,
Ngamiani, Tanga